Jambiani Wakati wa Bamvua: Siku za Kufuata Maji

Haya jamani, nimesharudi Dar na nimekaa na picha za kwenye simu pamoja na vile vinoti nilivyokuwa naandika usiku kabla ya kulala, ili niwapangie hii safari siku kwa siku. Wengi mmeniuliza Jambiani kuna nini cha kufanya, maana mnasikia ni pakimya, hakuna disko wala pilikapilika za Nungwi. Kiukweli mambo ya kufanya yapo mengi hadi muda haukutoshi, ila hayafanyiki saa unayotaka wewe, yanafanyika saa ambayo maji yameruhusu. Ukilielewa hilo tu safari yako itakuwa tamu sana.

Kwa asiyepajua, Jambiani ni kijiji kirefu pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa kusini, kama kilomita 55 hivi kutoka mjini. Mbele ya kijiji, mbali kabisa, kuna mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu, unauona kama mstari mweupe siku nzima na mngurumo wake unausikia usiku. Kati ya mwamba na ufukwe ndo kuna yale maji ya kijani yaliyotulia mnayoyaona kwenye picha. Maji yakijaa unaogelea mbele ya mlango wako, yakipwa yanaondoka yote unabaki mchanga mtupu na vidimbwi, unatembea kwa miguu zaidi ya kilomita moja kuelekea mwambani.

ALHAMISI. Dar, mjini, Jambiani

Mimi na mdogo wangu tulichagua makusudi mwezi wa pili, kipindi cha kaskazi (ule upepo wa kutoka kaskazini), na tukalenga mwezi mpevu, Shaabani ilikuwa inakaribia katikati. Sababu ni bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani ya Unguja siku hizo maji yanakauka kwenye saa nne saa tano asubuhi halafu yanajaa alasiri saa kumi hivi. Yaani asubuhi unatembea baharini na jioni unaogelea. Ukienda kwenye maji mafu, ile wiki ya nusu mwezi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na vitu vingi nitakavyovisimulia hapa hutaviona.

Tulikata boti ya saa moja asubuhi ikaondoka karibu saa mbili kasorobo, hakuna aliyeelezwa kwa nini, watu wakanywa chai wakatulia. Kivuko ni masaa mawili hivi. Beba kitambulisho hata kama ni Mtanzania, wanakiangalia wakati wa kukata tiketi na wakati wa kupanda. Wageni bei yao iko juu kuliko yetu. Na kama wewe si Mtanzania, angalia kabisa habari za bima ya safari ya Zanzibar kabla hujafunga begi, ilianza kudaiwa kwa wageni mwezi wa kumi 2024.

Bandarini Malindi wapagazi wanashika begi kabla hujafungua mdomo, ukitaka kubeba mwenyewe sema mapema na kwa heshima, watakuachia. Mapapasi, wale madalali wanaovizia wageni, nao watakuja na bei ya teksi, sisi tuliambiwa laki moja mpaka Jambiani, tukashukuru tukatembea hadi Darajani tukala urojo wa buku mbili uliojaa bajia na kachori na ile chatine ya nazi, mdogo wangu akaongeza bakuli la pili.

Gari la Jambiani ni namba 309. Stendi za mjini zimehamishwahamishwa sana kwa sababu ya ujenzi, kwa hiyo usikariri, uliza siku hiyohiyo gari za shamba, yaani za vijijini, zinapakia wapi. Letu lilikuwa kile kigari cha mabenchi ya mbao mnakaa mmeangaliana, wazi pembeni, wenye umri watakumbuka chai maharage za Dar zamani. Nauli elfu tatu kwa kichwa. Likajaa watu, likajaa tena, juu wakafunga godoro, baiskeli na magunia mawili ya mkaa, tukaondoka saa sita na nusu.

Hapo ndipo nilipokaa magoti kwa magoti na bi mkubwa mmoja mwenye kapu la ukili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba wanangu, halafu akauliza swali ambalo tuliulizwa na kila mtu siku zile: mnakwenda kwa nani? Nikamwambia hatuna mwenyeji mama, tumekuja kutembea tu. Akatuangalia kidogo akasema basi mwenyeji wenu ni mimi, akafungua kapu akatupa machungwa. Kumbe analima mwani. Akatwambia kesho maji yanatoka mapema, mkitaka kuona shamba muwe pwani saa mbili, mkichelewa mtanikuta nishafika ndani huko.

Njia yenyewe ni lami nzuri, Mwanakwerekwe, Tunguu, halafu msitu wa Jozani ambako kuna matuta barabarani kwa ajili ya kima punju, wale nyani wekundu ambao duniani kote wanapatikana hapa Zanzibar tu. Tulimuona mmoja na mtoto juu ya mti, gari likapunguza, kila mtu akageuka kuangalia hata wenyeji wanaopita kila siku. Baada ya Kitogani unanyoosha mpaka Paje, ukifika njia panda ya Paje unakata kulia. Utingo akatushusha mlangoni kabisa kwa gesti, na yeye ndiye aliyeteremsha mabegi, hakutaka hata mia ya ziada.

Chumba tulipata cha watu wawili elfu sitini na chai ya asubuhi, baada ya kuongea vizuri na mwenye nyumba. Feni, neti, choo ndani. Maji ya bomba yana chumvi kwa mbali, ya kunywa nunua. Saa kumi na nusu jioni bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi za gesti, vuguvugu, haina wimbi hata la kumtisha mtoto, tukaogelea mpaka jua linazama nyuma yetu (hapa ni mashariki, jua linazama upande wa mashamba, ukitaka picha ya jua baharini amka saa kumi na mbili asubuhi).

IJUMAA. Shambani, lakini baharini

Saa mbili kasoro tulikuwa pwani na bahari haipo. Nilikuwa nimesoma na nimeambiwa lakini kuiona ni kitu kingine kabisa, yale maji tuliyoogelea jana hayapo, ngalawa zimelala mchangani na matengo yao (zile mbao za pembeni zinazozuia zisipinduke), watoto wameshachora goli wanapiga mpira pale ambapo jana palikuwa pananifika shingoni, na ng'ombe watatu wanapita taratibu pwani kama kwao. Kwa mbali unaona wanawake wameinama na nguo za rangi, vitenge juu ya madera, kofia za ukili juu ya mitandio.

Tulivaa raba. Sikilizeni hili vizuri, usitembee peku huko ndani. Kwenye vidimbwi na mawe kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miba mirefu, na kuna mawe yanayokata. Kobazi zinasaidia kidogo lakini kwenye matope zinabaki. Raba kuukuu ndo dawa yake.

Bi mkubwa tulimkuta kweli yuko ndani, maji yanamfika magotini. Shamba lake ni vijiti vimepigwa mchangani kwa mistari, na kati ya kijiti na kijiti kamba imevutwa, na kwenye kamba vimefungwa vikonyo vya mwani kila baada ya kama shubiri moja. Akatuonesha kufunga. Unachukua kikonyo cha ukubwa wa ngumi, unakipitishia kakamba kembamba kaliko kwenye kamba kubwa, unakivuta fundo linaloshika lakini halibani, maana likibana mwani unakatika hapo na bahari inauchukua. Inaonekana rahisi sana. Yeye alikuwa anafunga huku anaongea na mwenzake wa shamba la pili bila hata kuangalia mikono, na sisi tulikuwa tunafunga tumekodoa macho. Vidole vinalowa, vinakunjamana, chumvi inaingia kwenye kila mchubuko, na jua linakupiga mara mbili, la juu na la kwenye maji. Mdogo wangu alifunga kamba moja nzima, bi mkubwa akaipita akaikagua, akafungua mafundo mawili akayarudia, akasema hii nzuri.

Alitueleza kwamba mwani wa biashara ulianza hapa, Jambiani na Paje, mwaka 1989, yeye alikuwa msichana. Zipo aina mbili wanazozisema wote kwa majina ya kibiashara, spinosamu na kotoni. Kotoni ndo yenye bei, lakini haipendi joto, na maji ya pembeni huku yamekuwa yanapata moto, ikawa inaoza na kufa, watu wengi wakabaki na spinosamu ambayo ni ngumu lakini bei yake ndogo. Mwani wenyewe hauliwi sana hapa, unakaushwa na kusafirishwa nje, wanatoa kitu cha kugandishia kinachoingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi. Siku hizi wapo kina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta hukuhuku, Paje kuna kituo ukitaka kuona na kununua.

Nilimuuliza kuhusu faida, akanijibu hivi: gunia la mbichi likikauka utalibeba kwa mkono mmoja. Nimeiandika kama alivyosema.

Kuna kitu nataka mkichukue kwa uzito. Hawa kina mama wana masaa machache sana ya kazi, na siku zenyewe ni za bamvua tu, mara mbili kwa mwezi, kwa sababu maji mafu shamba halifikiki vizuri. Kwa hiyo ukienda usimsimamishe mtu kupiga naye picha dakika ishirini. Salimia, omba ruhusa, uliza kama unaweza kusaidia kazi, ukikataliwa pita. Na picha usipige mtu bila kumuuliza, wengi hawapendi na ni haki yao. Tulimuona mgeni mmoja akiwafuata na simu kwa mbali, mmoja wao akajifunika uso na mtandio akaendelea kufunga kamba. Iliniuma.

Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi. Tukahesabu pamoja pale majini, ikaangukia kwenye bamvua ya mwisho wa Ramadhani, siku chache kabla ya Idi. Bi mkubwa akacheka kwa furaha akasema inshallah nguo za wajukuu hizo.

Tukirudi, karibu na ufukwe, tulikuta viduara vya mawe mchangani. Ni makumbi ya nazi yamefukiwa. Yanakaa humo kwa miezi, maji yanayaingia na kutoka, yakiiva yanafukuliwa yanagongwa kwa kigongo mpaka unabaki usumba, wanasokota kamba. Harufu yake kali, nyie mkiisikia msidhani ni maji machafu. Mama mmoja alikuwa anagonga chini ya mti, akanipa uzi wa usumba nisokote kwenye paja nikaona jinsi kamba inavyozaliwa, inachubua ngozi balaa, na yeye anatoa mita na mita.

Mchana ni Ijumaa, saa saba maduka yote yamefungwa watu wako msikitini, panga chakula chako kabla au baada. Wengine walikuwa wamefunga sunna ya Shaabani pia, kwa hiyo tulikula ndani. Mgahawa wa kijijini, wali wa nazi, mchuzi wa changu, mchicha, elfu sita sahani na unashiba. Migahawa ya ufukweni chakula hichohicho kinaanzia elfu kumi na tano kwenda juu na utasubiri saa nzima na zaidi, agiza kabla njaa haijauma.

Kuhusu mavazi maana naulizwa: kwenye maji na mbele ya hoteli hakuna anayekusumbua, ila kijiji kinaanza palepale nyuma ya ukuta, ukivuka kwenda dukani jifunge kanga, mwanaume vaa fulana. Hakuna atakayekufokea, lakini ukiwa umejistiri utaona watu wanavyofunguka kukusalimia.

JUMAMOSI. Ngalawa mpaka mwambani

Hii ndo siku niliyoisubiri. Nahodha tulimpata kupitia mwenye gesti, tukapatana elfu ishirini na tano kila mmoja, pamoja na miwani na mrija wa kupumulia. Akasema tuondoke asubuhi mapema wakati maji bado yapo, tukae mwambani maji yakipwa, halafu turudi yakianza kujaa. Kwa hiyo ni safari ya nusu siku nzuri tu, usimpangie nahodha masaa mawili, hawezi kuburuta ngalawa mchangani kwa sababu yako. Beba maji ya kunywa, kofia, na shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, mgongo unaungua usipojua.

Alisukuma kwa upondo mpaka kwenye mkondo, akatweka tanga, na upepo wa kaskazi ukaishika ngalawa ikaanza kwenda bila sauti yoyote zaidi ya maji kwenye matengo. Chini unaona kila kitu, majani ya bahari, mchanga, kivuli cha ngalawa yenyewe kinakimbia. Njiani tulipita maboya ya shamba la sponji, sponji hai za baharini zinazolimwa na kina mama kwa kufungwa kwenye kamba, zikifika ukubwa zinavunwa, na kipande kinachokatwa kinaota tena, na hazitaki chakula wala dawa maana zinajilisha kwa kuchuja maji. Nahodha akasema wapo wanawake waliotoka kwenye mwani wakahamia huko.

Mwambani kwenyewe ndani ya maji kuna vitatange wa njano na weusi, pono wanang'ata matumbawe unasikia kabisa kwa masikio kru kru kru, samaki taa mdogo aliyejifukia mchangani macho yamebaki nje, na viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, wekundu wa kila saizi. Usiwatoe kwenye maji kwa ajili ya picha hao, nahodha wetu alikataa katakata na nikampenda zaidi kwa hilo. Na usikanyage matumbawe, elea tu, maji ya chumvi yanakubeba.

Maji yalipokauka kabisa tukashuka kutembea juu ya mwamba, na hapo tukakutana na wanawake wawili wa pweza. Wana fimbo ya chuma na jicho ambalo sijui wamelipata wapi. Mimi naona jiwe, yeye anaona tundu lenye magamba ya kome yaliyotupwa mlangoni, ndo dalili kwamba mwenyewe yuko ndani. Anachokoa, anasubiri, anachokoa tena, pweza anaishika fimbo, anamvuta. Kisha anampiga kwenye jiwe mara nyingi sana mpaka analainika, usipofanya hivyo hata ukimchemsha mchana kutwa atakuwa mpira. Tulinunua mmoja palepale elfu kumi.

Kurudi kwenye ngalawa mdogo wangu akakanyaga mmoja wa wale weusi, mwiba ukapenya pembeni ya raba ukamwingia kisiginoni, vipande vitatu vyeusi vinaonekana ndani ya ngozi. Alilia jamani. Nahodha hakushtuka, akamkalisha, tulipofika pwani akatupeleka moja kwa moja nyumbani kwao, mama yake akatoka na papai bichi, akalichanja kwa kisu, ule utomvu mweupe ukadondoka, akampaka kwenye kisigino taratibu huku anamsemesha kama mtoto wake. Akasema usichimbe na sindano, utavivunjia ndani. Tukakaa pale kivulini zaidi ya saa, tukaletewa chai ya tangawizi na mihogo, maumivu yakapungua, usiku vipande viwili vikawa vimetoka na cha tatu kikatoka kesho yake. Nilijaribu kuacha hela, yule mama akanishika mkono akaufunga, akasema mgeni hauguzwi kwa pesa. Nikamwachia mjukuu wake daftari na kalamu nilizokuwa nazo, akakubali.

Halafu akamchukua yule pweza wetu akasema nyie mtampika wapi gesti, rudini magharibi. Tuliporudi tulikuta pweza wa nazi, wali, na kachumbari yenye embe mbichi ndani, tukala kwenye sinia moja na familia nzima ukumbini. Nimekula pweza sehemu nyingi za mjini, hakuna hata moja ya kusogelea ile.

JUMAPILI. Pangoni asubuhi, baiskeli mchana

Maji yalikuwa yanapwa mchana sasa, kwenye saa sita, kila siku yanachelewa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo asubuhi tukaenda nyuma ya kijiji, upande wa mashamba, kwenye pango la Kuumbi. Nenda na mtu wa kijijini, njia ni ya mawe na vichaka na huwezi kuona mlango mpaka uko juu yake, tulimpa kijana elfu kumi. Ndani ni ukumbi mkubwa wa mawe, popo juu, na mwanga unaingia kwa tundu. Wataalamu wamechimba humu, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wakakuta mifupa ya wanyama ambao Unguja hawapo kabisa leo, pundamilia mmojawapo. Maana yake ni kwamba enzi bahari ilipokuwa chini, kisiwa hiki kilikuwa kimeshikana na bara, wanyama walikuja kwa miguu. Nimesimama pale nimewaza hilo muda mrefu, mimi niliyelipia boti.

Pango pia ni mahali pa mzimu, kuna sehemu utaona vipande vya vyungu, ubani na vitambaa. Usiguse, usisogeze, na usipige picha hapo bila kuuliza. Ukitaka pango la kuogelea lipo la Kuza, hukohuko Jambiani, lina maji baridi na masafi, hilo wanatoza kiingilio.

Mchana tukakodi baiskeli, elfu kumi kila moja kutwa nzima, na kisigino cha mdogo wangu kilikuwa kimeruhusu. Maji yakiwa yamepwa mchanga unakuwa mgumu unaendesha pwanipwani mpaka Paje bila kugusa lami, kilomita sita hivi. Nendeni upepo ukiwa mbele, mrudi unawasukuma, kwa kaskazi maana yake Paje kwanza. Paje ni dunia nyingine, anga limejaa kaiti za wale wanaoteleza juu ya maji, muziki, wageni wengi, bei za juu. Tulikunywa dafu moja moja tukageuza. Angalieni saa, maji yakianza kujaa njia ya mchangani inapotea haraka, tuliona vijana wamebeba baiskeli mabegani.

Jioni hakuna cha kuandika, tuliogelea, tukalala mapema.

JUMATATU. Kurudi

Gari za kwanza za kwenda mjini zinaanza alfajiri, ukikosa hizo unasubiri sana, sisi tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Bi mkubwa wa mwani alikuwa ameshafika barabarani na mfuko wa mikate ya ufuta bado ya moto, akasema njiani msinunue. Mjini tulizurura Forodhani, tukapanda boti ya saa sita na nusu, bahari ilichafuka kidogo katikati, mifuko ikatembezwa, kaeni chini nyuma ya boti kama mna kichefuchefu, huko inayumba kidogo zaidi.

Hesabu yetu, watu wawili pamoja, ukitoa boti: chumba laki mbili na arobaini, ngalawa elfu hamsini, kijana wa pangoni na baiskeli elfu thelathini, gari kwenda na kurudi elfu kumi na mbili, na chakula na vinywaji kama laki na ishirini, kingekuwa zaidi kama tusingelishwa na watu. Toa hela mjini kabla hujapanda gari, kijijini mawakala wa simu wapo lakini si kila saa wana salio la kutosha. Chukua tochi, chukua dawa ya mbu, na hela ndogondogo za mia tano na buku.

Kupanga tarehe, angalia mwezi kwanza halafu ndo uombe likizo. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo ndo zenye mwani, pweza na baiskeli. Masika, mwezi wa nne na wa tano, mvua ni nyingi na gesti nyingine zinafungwa. Na ukiweza kwenda mwezi wa saba, kusi inavuma kwa nguvu na asubuhi kuna baridi kidogo, lakini kijiji cha jirani kusini, Makunduchi, wanafanya Mwaka Kogwa, watu wanapigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti, na kwa mila yao siku hiyo asiyekuwa na mgeni anajiona kapungukiwa. Vyumba vya Jambiani vinajaa wiki hiyo, kwa hiyo piga simu mapema.